Theluji Iliyotangazwa na Theluji Iliyoanguka

Usiku wa Jumatatu, tarehe 26 Januari 2015, ilipotimu saa tano, treni za chini ya ardhi za mji wa New York zilisimamishwa kwa amri ya Gavana Andrew Cuomo, ikawa ni mara ya kwanza, tangu njia zile zifunguliwe mwaka 1904, kwa mji mzima kunyimwa treni kwa sababu ya theluji. Amri hiyo hiyo iliwakataza wenye magari kupita barabarani, isipokuwa waliokuwa katika kazi za dharura, na atakayehalifu alikadiriwa faini ya hadi dola 300. Siku moja kabla yake, Meya Bill de Blasio alikuwa amesimama mbele ya waandishi wa habari na kuwaambia watu wa mji wake kwamba huenda dhoruba inayokuja ikawa kubwa kupita zote zilizopata kuandikwa katika tarehe ya New York. Na kwa kuwa iliyokuwa ikishika daraja hiyo wakati ule ni ile ya Februari 2006, iliyomwaga sentimita 68 katika bustani ya Central Park, kila aliyesikia alifahamu kwamba anatakiwa kujiandaa kwa theluji ya kumfika mtu mzima mapajani. Asubuhi ya Jumanne wapimaji walipokwenda Central Park walikuta sentimita 25.

Sentimita 25 za theluji si kitu cha kupuuzwa, walakini kwa mji wenye magari ya kusukuma theluji kwa mamia na ghala zilizojaa chumvi ya kuyeyushia barafu, ni kazi ya kawaida ya kipupwe. Wala dhoruba yenyewe haikuwa ya kubuni. Boston ilipata sentimita 62. Worcester, mji ulioko bara kidogo katika jimbo hilo hilo la Massachusetts, ulipata karibu 88, kiasi ambacho haukuwahi kukipima kabla ya hapo. Na wakazi wa mashariki ya kisiwa cha Long Island, ambako ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka Manhattan, waliamka wakakuta zaidi ya sentimita 60 milangoni mwao. Kwa hiyo tunapoieleza kadhia hii kama habari ya watabiri walioota ndoto mbaya, tunawadhulumu. Rai yangu ni kwamba hesabu haikuwa ndiyo mkosaji, wala hofu ya watu haikuwa ndiyo mkosaji. Kilichoharibika ni kwamba shaka aliyokuwa nayo mtabiri, ambayo ilikuwa sehemu ya elimu yake na sehemu ya habari yenyewe, iliondolewa njiani, mkono kwa mkono, hata habari ilipomfikia mwenye nyumba haikubaki na kitu ila namba moja, nayo ndiyo kubwa kuliko zote.

Ili kulifahamu jambo hili sharti tutazame jinsi dhoruba za pwani ile zinavyozaliwa. Hewa baridi na kavu hushuka kutoka Kanada. Mkondo wa maji ya moto wa bahari ya Atlantiki hupita karibu na ufuko. Na mahali viwili hivyo vinapokutana, aghalabu karibu na rasi ya Hatteras katika jimbo la North Carolina, huzuka kitovu cha kani ndogo ya hewa ambacho hupanda kuelekea kaskazini kikifuata pwani, kikinyonya unyevu wa bahari na kuumwaga nchi kavu kwa sura ya theluji. Kitovu hicho kikipita karibu na pwani, miji yote mikubwa, tangu Washington hadi Boston, huzikwa. Kikipita mbali, theluji huangukia samaki. Na ukingo wa magharibi wa theluji hiyo huwa umekatika kama ukingo wa mvua ya Dar es Salaam, inayolowesha Kariakoo huku Magomeni watu wanaanika nguo. Siku ile ukingo ulisogea upande wa mashariki kwa makumi machache tu ya kilomita, masafa ambayo katika ramani ya bara zima hayaonekani, ila ndani ya makumi hayo walikuwamo watu milioni nane.

Tena watabiri walikuwa wamewekwa baina ya hesabu mbili zisizopatana. Modeli ya kompyuta ya kituo cha utabiri cha Ulaya, ambacho makao yake yalikuwa Reading, Uingereza, ilitoa theluji nyingi kwa New York. Modeli ya Marekani, iliyokuwa imefanyiwa matengenezo makubwa mwezi ule ule wa Januari, ilitoa kidogo zaidi. Nani asingeifuata ile ya Ulaya? Miaka miwili na kitu nyuma, mwezi wa Oktoba 2012, modeli hiyo ndiyo iliyoonyesha, siku nyingi kabla, kwamba tufani ya Sandy itageuka kutoka baharini na kuipiga New Jersey, wakati ile ya Marekani ilipokuwa bado ikiipeleka tufani hiyo katikati ya bahari. Na waliokumbuka maji ya chumvi yaliyojaa katika vituo vya treni vya Manhattan hawakuwa tayari kuidharau mara ya pili. Watabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Taifa wakatangaza sentimita 50 hadi 75. Wenyewe walijua kwamba New York iko ukingoni, na walijua maana ya kuwa ukingoni.

Sasa tazama safari ya habari hiyo. Kipimo cha kati ya 50 na 75 kilipoingia katika vichwa vya magazeti kilitoka kikiwa 75, au karibu na mita nzima kwa waliopenda kuzidisha. Dhoruba ilikuwa na jina, Juno, ambalo Idara ya Hali ya Hewa haikulitoa. Lilitolewa na kituo cha televisheni cha Weather Channel, ambacho tangu msimu wa baridi wa mwaka 2012 kimezipa dhoruba za theluji majina kama yale ya tufani za bahari, na kitu chenye jina huogopwa upesi kuliko kisicho nalo. Vituo vilitangaza usiku kucha. Kimojawapo kilimpakia mtangazaji wake ndani ya gari lililojaa kamera, likawa linazunguka katika mitaa ya Manhattan likiisaka dhoruba, huku nyuma ya kioo watazamaji wakiona lami iliyolowa na theluji haba. Sisemi kwamba wale watangazaji walidanganya. Nasema kwamba saa ishirini na nne za matangazo haziwezi kujazwa na maneno «huenda ikawa, huenda isiwe», na kwa hiyo chombo chenyewe, kwa maumbile yake, hulisukuma neno «huenda» nje ya mlango.

Madukani nako fadhaa ilikuwa imekwisha kutanda. Katika majimbo ya mashariki ya Marekani kuna desturi, iliyokwisha kuwa kama ibada, kwamba tangazo la theluji likitoka watu hukimbilia mikate, maziwa na mayai, rafu zikabaki wazi kabla ya magharibi. Wengi huifungamanisha desturi hiyo na dhoruba ya Februari 1978, iliyoikumba Massachusetts na kuyanasa magari zaidi ya 3,000 katika barabara kuu namba 128, wenyewe wakiwa ndani. Wako waliokufa humo kwa moshi wa injini walizoziacha ziwake ili wapate joto, na mitaa mingi ilikaa siku kadhaa bila njia. Mtu aliyekuwa mtoto siku zile, na leo ana wajukuu, akisikia neno theluji redioni hawezi kuisikiliza namba kwa utulivu. Mkono wake umekwisha kushika kikapu. Siioni sababu ya kumcheka. Mkate anaoubeba unamtuliza nafsi kuliko unavyomshibisha, nao ni tendo moja aliloachiwa na habari iliyomwambia kila kitu kuhusu ukubwa wa jambo, isimwambie chochote kuhusu uwezekano wake.

Na viongozi je? Hao wana kumbukumbu zao, zenye uchungu zaidi. Februari 1969 watu wa New York walitarajia theluji itakayogeuka mvua. Zikaja karibu sentimita 39, wakafa watu 42, na mitaa ya Queens ikakaa siku nyingi bila kusafishwa, hata Meya John Lindsay alipokwenda kuitazama alizomewa na raia wake. Mwaka 1979, Chicago, Meya Michael Bilandic alishindwa katika uchaguzi wa ndani wa chama chake na Jane Byrne, wiki chache tu baada ya dhoruba ya Januari kuziba barabara na kuzuia treni za mji. Na siku ya pili ya Krismasi ya mwaka 2010 New York ilipopata sentimita 51, serikali ya Meya Michael Bloomberg haikutangaza hali ya dharura, magari ya wagonjwa yakakwama katika mitaa ya Brooklyn na Queens, na lawama zikamfuata muda mrefu. Hakuna meya aliyepata kuondolewa kitini kwa kutangaza theluji ambayo haikuanguka. Kiongozi aliyeisoma tarehe hiyo, akaletewa kipimo chenye ncha mbili, ataishika ncha ya juu, na pindi akikaa meya mmoja na gavana mmoja katika mji mmoja wakishindania heshima, kila mmoja ataishika kwa nguvu zaidi ya mwenzake. Usiku ule amri ya kufunga treni ilitoka kwa Gavana, na Meya alipata habari zake dakika za mwisho kabla hazijatangazwa.

Hapa pana jambo ambalo linanisikitisha kuliko yote. Dhoruba kubwa ya Machi 1888, iliyoua watu wapatao 400 katika majimbo ya mashariki na kuzikwamisha treni zilizokuwa zikipita juu ya nguzo katika mitaa ya New York, ni moja ya sababu zilizowafanya wakubwa wa mji ule wakubali kuchimba njia za treni chini ya ardhi, mahali pasipofikiwa na theluji. Miaka mia na ishirini na saba baadaye njia hizo zikafungwa kwa hofu ya theluji, na usiku kucha treni zilikuwa zikipita tupu, bila abiria, ili reli za sehemu zilizo wazi zisizibwe. Zilikuwapo, zilitembea, ila wafagiaji wa hospitali, walinzi wa majumba na wapishi wa usiku hawakuruhusiwa kuzipanda.

Maana gharama ya taharuki haigawanywi sawasawa. Mwenye kazi ya mshahara wa mwezi alikaa nyumbani akifanya kazi yake kwa kompyuta. Anayelipwa kwa saa alipoteza saa zake, na hakuna aliyemrudishia. Vijana wanaopeleka vyakula majumbani kwa baiskeli, wengi wao wageni wasio na akiba, walihesabiwa katika katazo lile, kwani Meya aliposema juu yao alieleza kwamba baiskeli ya chakula si chombo cha dharura. Na jamaa zetu nao wamo. Katika mji wa Lowell, Massachusetts, wamo Wakenya wengi, na kazi ambayo wengi wao wameishika ni kuwauguza wazee na wagonjwa katika nyumba za malezi, kazi isiyofungwa kwa amri ya gavana yeyote; kwa hiyo tangazo la dhoruba likitoka, jirani yao hununua mikate akafunga mlango, wao hupanga nani atalala kazini na nani atakaa na watoto ambao skuli zao zimefungwa. Watu wa namna hii wana haki zaidi ya mtu yeyote ya kuambiwa theluji inatarajiwa kwa nguvu gani, kwa sababu kila onyo kwao lina bei. Ukiwaonya mara tatu kwa sauti moja, mara mbili ikawa si kitu, ile ya tatu watakwenda kazini.

Asubuhi ya tarehe 27, mtabiri mmoja alifanya jambo ambalo wakubwa hawakulifanya. Gary Szatkowski, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya utabiri ya Mount Holly, New Jersey, inayohudumia Philadelphia na vitongoji vyake, aliandika katika mtandao wa Twitter kuwataka radhi wenye kutoa maamuzi na umma kwa jumla, akikiri kwamba waliamua mambo mazito wakitumaini kwamba utabiri utakuwa sahihi, nao haukuwa. Nilipoyasoma maneno yale niliyapenda kwa unyofu wake, ila nilivyozidi kuyatafakari ndivyo nilivyoona kwamba radhi haikuwa yake kuitoa peke yake. Yeye alikosea kiasi cha kawaida cha elimu yake. Waliotoa yakini mahali pa shaka ni wengine, na hao hawakuandika kitu.

Halafu somo likachukuliwa kinyume. Machi 2017 dhoruba nyingine ilikuwa ikipanda pwani, na watabiri wa taifa waliona kabla ya wakati kwamba sehemu kubwa ya theluji ya New York itageuka kuwa mvua na chembe za barafu, kwa hiyo kiasi kitapungua. Walakini waliamua kutopunguza namba, wakihofu kwamba watu wataona utabiri umegeuzwa ghafla na kudhani hatari imepita. Habari hiyo ilitoka hadharani mara moja, kwa vinywa vya watabiri wenyewe. Central Park ilipata sentimita 19, chini sana ya zilizotangazwa. Nia ilikuwa njema, sikatai. Na kwa majimbo ya ndani, ambako theluji iliteremka kwa wingi, onyo lilikuwa la haki. Lakini hapo mtabiri mwenyewe alikuwa amejifunza kazi ya mtangazaji, akaificha elimu aliyokuwa nayo ili kuziongoza nyoyo za watu, na mtu akishakufahamu kwamba unamchagulia ukweli wa kumwambia, kila utakalomwambia baadaye atalipunguza yeye mwenyewe kwa kipimo chake.

Wala asiseme mtu kwamba dawa ni kunyamaza au kuamini nusu ya kila tangazo. Mwaka mmoja tu baada ya Juno, Januari 2016, utabiri wa siku zilizotangulia uliipa New York kiasi kisichofika nusu ya kilichokuja, na Central Park ikapata karibu sentimita 70, rekodi ambayo Meya aliitangaza mwaka mzima mapema. Boston nayo, baada ya kuizoa theluji ya Juno, iliendelea kupokea dhoruba moja baada ya nyingine, bila jina hata moja kati yake kuvuma kama lile la kwanza, hadi kipupwe kilipokwisha kikiwa kimemwaga sentimita 281, zaidi ya chochote kilichopata kupimwa pale. Mwezi wa Februari treni za mji ziliharibika, wafanyakazi wakasimama vituoni kwa masaa katika baridi, na mkuu wa shirika la usafiri akatangaza kujiuzulu.

Na iko Buffalo, katika jimbo lile lile la New York. Desemba 2022, siku kadhaa kabla ya Krismasi, watabiri walisema bila kusitasita kwamba upepo wa ziwa Erie utaleta dhoruba ambayo huja mara moja katika kizazi kizima, na safari hii yakini yao ilikuwa na msingi, kwani hesabu zote zilipatana. Katazo la magari lilianza kutumika asubuhi ya Ijumaa tarehe 23, saa tatu na nusu, wakati watu walipokwisha kutoka kwenda kazini. Walikufa zaidi ya arobaini katika wilaya ile: wengine ndani ya magari, wengine njiani kwa miguu, wengine vitandani mwao wakimngoja mganga ambaye gari lake halikuweza kupita. Zaidi ya nusu ya waliokufa ndani ya mji walikuwa watu weusi, ingawa katika idadi ya wakazi wao ni kama theluthi moja tu. Buffalo ni mji uliowapokea wakimbizi wengi wa Kongo, wasemaji wa Kiswahili, waliokuja bila kuijua theluji na wakahitaji kuambiwa upesi na kwa lugha wanayoifahamu. Maonyo ya yakini na maonyo ya shaka yalikuwa yamewafikia watu wa jimbo hilo kwa sauti moja miaka yote. Ilipokuja siku ya kuitofautisha, sauti ya pili haikuwapo.

Msomaji wa Nairobi au Mombasa haihitaji theluji ili kulielewa hili. Mwaka 2015 Wakenya walionywa juu ya mvua za El Niño, na mvua zilipokuja zisifanane na zile za 1997, wengi walidhihaki. Oktoba 2023 Rais William Ruto alitangaza kwamba kwa mujibu wa utabiri mpya El Niño iliyohofiwa haitakuwapo. Wiki chache baadaye mafuriko yaliua zaidi ya watu mia moja na kuwahamisha maelfu kwa maelfu. Namba ilielekea chini badala ya juu, ila kilichofanyika ni kile kile cha New York: shaka ya mtabiri ilipofika mimbari ya mkubwa ilitolewa nje.

Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani imejaribu kuirudisha. Kabla ya dhoruba, ofisi zake hutoa ramani tatu mahali pa moja: ya kwanza yaonyesha kiasi kinachotarajiwa, ya pili, kiasi ambacho kuna nafasi tisa katika kumi kwamba theluji itakizidi, ya tatu, kile ambacho kuna nafasi moja tu katika kumi kukivuka. Ni kazi ya uaminifu mkubwa, na mtu yeyote aweza kuitazama bila malipo. Ramani inayonakiliwa zaidi, ikasambazwa na kuwekwa katika kurasa za mbele bila maelezo, ni ile ya tatu, kwa kuwa ndiyo yenye rangi nzito. Nataka mhariri anayeichapa azichape zote tatu kwa ukubwa mmoja, na nataka gavana, kabla ya kuwanyima watu treni yao ya kwenda kazini, asimame mbele ya ramani hizo akazitaja kwa kinywa chake namba ya chini na namba ya juu, kisha awaambie walipwao kwa saa ni nani atakayewalipa saa hizo iwapo itakayotimia ni ile ya chini.